Mbwa au Paka Amekula Sumu: Dalili, Chanzo na la Kufanya Usiku Huohuo

Kama mnyama wako yuko sakafuni anatetemeka wakati unasoma hapa, usisome yote. Mtoe pale alipo. Wafungie ndani watoto na wanyama wengine. Kilichobaki cha alichokula, iwe nyama, pakiti au matapishi, kitie kwenye kopo lenye mfuniko. Piga simu kliniki kabla hujatoka getini. Usimmiminie kitu chochote mdomoni, hata maziwa. Mengine utayasoma njiani, mwenzako akiwa amemshika.

Wewe mwenye nafasi, tuyapitie taratibu. Mimi ni msaidizi wa daktari kwenye kliniki ya wanyama hapa Dar es Salaam, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Simu ya sumu naitambua mtu anapovuta pumzi tu. Anaanza na "Dokta, nimpe dawa gani?" Mimi namrudishia swali: amekula nini, na ilikuwa saa ngapi? Anaona kama nampotezea muda, lakini majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayochagua sindano. Kwenye meza ya machinga mwenye kipaza sauti, yule anayetangaza dawa ya panya, mende na kunguni mchana kutwa, kuna unga unaoweza kuua ndani ya saa chache na kuna chambo kinachoua baada ya siku nne. Vyote viwili wateja wanaviita sumu ya panya. Dawa inayoponya cha kwanza haina msaada wowote kwa cha pili. Nusu saa ya mwanzo ndiyo yenye thamani, na nimeona wanyama wengi mno wakiipoteza kwenye maziwa na kubahatisha.

Kwanza hakikisha ni sumu

Povu mdomoni halitoshi kusema mbwa amelishwa sumu. Kichaa cha mbwa bado kipo nchini. Mbwa mwenye kichaa naye hutokwa na mate, hushindwa kumeza, taya hulegea na sauti hubadilika. Tofauti kubwa iko kwenye muda. Sumu nyingi za haraka humwangusha mbwa ambaye saa mbili zilizopita alikuwa anakimbilia geti. Kichaa kwa kawaida hutanguliwa na siku kadhaa za tabia kugeuka, mpole akawa mkali, mchangamfu akajificha gizani. Kama hajachanjwa, au aling'atwa na mbwa asiyejulikana miezi ya karibuni, usitie mkono mdomoni mwake, na liseme hilo kwenye simu kabla ya mengine yote. Ukishang'atwa, au mate yakiingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Joto nalo hutudanganya, hasa kati ya Januari na Machi. Mbwa aliyefungiwa kwenye banda la bati mchana anahema sana, anatoka mate, anayumba na kutapika. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, ukikuta limepita 41, mmwagie maji ya kawaida ya bomba (si ya barafu), mpepee, mlete. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu anayejikamua kutapika bila kitu kutoka, huku tumbo limewamba kama ngoma, tumbo lake limejisokota na anahitaji upasuaji. Jike anayenyonyesha akianza kukakamaa na kutetemeka, mara nyingi kalsiamu imeshuka. Kitoto cha mbwa kinachoharisha damu yenye harufu nzito, fikiria pavo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo. Hawa wote huletwa kwetu na maelezo yaleyale: "amelishwa sumu". Wote ni wa kuwahishwa, ila matibabu yao ni mbalimbali kabisa.

Kwa hiyo tumia dakika moja kumkagua, kama ni salama kumgusa. Inua mdomo wa juu utazame fizi: za kawaida ni za pinki, na ukizibonyeza kwa kidole, weupe hurudi kuwa pinki ndani ya sekunde 2. Mulika macho kwa tochi ya simu uone mboni ni ndogo au zimetanuka. Mnuse mdomo kwa mbali. Kama anatikisika, mrekodi video ya sekunde 20. Daktari akiiona anajifunza mengi kuliko kwa maelezo ya mtu aliyechanganyikiwa.

Mate yanachuruzika, misuli inachezacheza, mboni zimekuwa kama tundu la sindano

Hii ndiyo ninayotaka uijue kuliko zote, kwa sababu ndiyo ya nyama inayorushwa juu ya ukuta.

Usiku mmoja, yapata saa 5, bajaji ilisimama mbele ya mlango wetu ikitokea Goba. Baba mmoja alishuka na binti yake wakiwa wamembeba mbwa kwenye turubai, kila mmoja ameshika pembe mbili. Mbwa aliitwa Bosi. Nilipomshika paja nilihisi nyama zake zinatembea chini ya ngozi, hazitulii hata sekunde, kama maji yanayoanza kuchemka. Alikuwa amejikojolea, amejiharishia, macho yanatoka machozi, na mate yalikuwa yamelowesha turubai kuanzia kichwani hadi kifuani. Kifua kilikuwa kinatoa sauti ya majimaji. Binti alikuwa na kopo la siagi mkononi. Ndani yake kulikuwa na kipande cha utumbo wa ng'ombe uliopasuliwa kwa kisu, na katikati chengachenga za zambarau.

Kopo lile lilituokolea muda. Daktari alichoma atropini, akasubiri dakika chache akiwa na kipimo cha moyo kifuani, akachoma tena. Mboni hatukuzijali. Tuliangalia mate na kusikiliza kifua. Baada ya sindano kadhaa mate yalianza kunata badala ya kuchuruzika, ile sauti ya majimaji ikapungua, na Bosi akameza mate kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alikaa kwetu siku mbili.

Sumu za kundi hili ni oganofosfeti na kabameti, viuadudu vya shambani. Mwilini kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima ujumbe wa neva ukishafika. Sumu hizi hukifunga kimeng'enya hicho, hivyo ujumbe hauzimwi: tezi zinatiririka, utumbo unajikunja, misuli inarukaruka mpaka inachoka. Mnyama hufa kwa sababu njia za hewa zimejaa majimaji na misuli ya kupumulia imeishiwa nguvu. Dalili huweza kuanza ndani ya dakika chache au saa chache. Atropini hukausha yale majimaji na kuamsha moyo uliozorota. Kwa oganofosfeti kuna dawa nyingine, pralidoksimu, inayosaidia zaidi ikitolewa mapema. Msiitegemee, haipatikani kila mahali. Atropini ndiyo ya kuulizia.

Ulizia hivi: "Mna atropini ya kutosha kwa mbwa wa kilo 30 aliyekula sumu?" Dozi ya sumu ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya kumwandaa mnyama kwa upasuaji, na hurudiwa. Kliniki yenye ampuli mbili itaishiwa naye akiwa bado mezani. Bora ujue ukiwa nyumbani, uende kwingine, kuliko kujua ukiwa umeshavuka foleni yote ya Mwenge.

Si kila kisa ni cha wezi. Tumepokea mbwa aliyeogeshwa dawa ya kupe ya ng'ombe iliyopimwa kwa kizibo na macho, na mwingine aliyekunywa maji ya kuoshea bomba la kupulizia mchicha. Sumu ikiwa kwenye manyoya, vaa glavu, muoshe kwa sabuni ya vyombo na maji mengi, ndipo umpeleke. Ukimpakia akiwa amelowa dawa anaendelea kuinyonya kwa ngozi njia nzima, na wewe unayempakata unainyonya pia.

Msimu wa vuli na masika, usichanganye hii na chura. Mbwa aliyeng'ata chura hutoa povu jingi ghafla, fizi huwa nyekundu, anajifuta mdomo kwa miguu, lakini mwanzoni misuli haichezi na mboni ni za kawaida. Mwinamishe kichwa, mwoshe mdomo kwa maji yanayotoka upande mmoja kwenda nje, ufute fizi na ulimi kwa kitambaa kibichi, tena na tena. Usiyaelekeze maji kooni. Wengi hutulia. Akianza kuyumba au kutetemeka, moyo unaguswa, mlete.

Degedege

Mnyama akikakamaa na kupiga miguu, sogeza vitu vya kumuumiza, zima taa kali, zima redio, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni. Hawezi kumeza ulimi wake, ila vidole vyako anaweza kuving'ata. Degedege likizidi dakika 5, au yakija mawili bila kuzinduka katikati, ubongo unaumia na unachemka. Hapo anahitaji diazepamu ya mshipani, si kesho asubuhi.

Vyanzo hapa ni vingi, lakini vidokezo viwili husaidia. Kama kila mlango ukigongwa au mtu akipiga kelele anakakamaa upya, miguu imenyooka kama ya meza, mwambie daktari neno kwa neno, kwa sababu sumu iitwayo strikinini hufanya hivyo na matibabu yake yanadai giza na ukimya. Kidokezo cha pili ni harufu.

Unga mweusi au wa kijivu iliyokolea, unaouzwa kwenye vipakiti vidogo, mara nyingi ni fosfidi ya zinki. Ikikutana na tindikali ya tumbo hutoa gesi ya fosfini, na pumzi ya mnyama hunuka kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Hapa kuna makosa mawili yanayofanywa kwa upendo. La kwanza ni kumlisha: chakula huongeza tindikali, tindikali huzalisha gesi zaidi. La pili ni kumpakia kwenye gari na kufunga vioo kwa ajili ya kiyoyozi. Akitapika mle ndani, gesi ileile mnaivuta nyote. Kwa sumu hii bajaji iliyo wazi ni bora kuliko gari zuri. Hakuna dawa mahususi ya kuibatilisha. Daktari anapunguza tindikali, anaweka dripu, anahudumia moyo, mapafu na ini.

Paka anayerukaruka ngozi, masikio yanachezacheza

Uliza nyumba nzima: nani amempaka dawa ya viroboto? Dawa nyingi za kupe na viroboto za mbwa zina pemethrini, na ini la paka haliwezi kuivunja kama la mbwa. Wengine hawakupakwa kabisa, wamelala tu ubavuni mwa mbwa aliyepakwa leo. Baada ya kupuliziwa dawa ya mende nyumba nzima, paka akirudishwa sakafu ikiwa bado mbichi, yanatokea hayohayo.

Muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, umkaushe vizuri, umfunge taulo. Maji ya moto hufungua mishipa ya ngozi na kuingiza dawa zaidi. Ya baridi humteremsha joto na kuzidisha mtetemeko. Kisha kliniki. Matibabu ni ya kutuliza misuli, yanaweza kuchukua siku mbili tatu, na wengi tuliowapata mapema wamerudi nyumbani wakila.

Fizi za rangi ya kahawa, uso umevimba

Paka huyu amepewa Panadol, yaani parasetamoli. Nasema hivyo kwa uhakika mkubwa kwa sababu sijaona kingine kinachofanya fizi ziwe na rangi ile. Mama mmoja alituletea paka wake wa kilo 4 kwenye kikapu cha sokoni, amemfunika khanga safi. Paka alikuwa na homa tangu juzi, na mama, kama anavyowafanyia wajukuu, alivunja kidonge nusu akakisaga kwenye samaki. Nusu kidonge ni miligramu 250, yaani zaidi ya 60 kwa kila kilo ya paka yule. Paka anaweza kudhurika kwa miligramu 10 tu kwa kilo. Daktari alipomtoa damu, ndani ya bomba la sindano ilionekana kama chokoleti iliyoyeyuka. Damu ya namna hiyo haibebi oksijeni, hata kama mapafu ni mazima.

Kuna dawa, asetilisisteini, ileile wanayopewa watu waliozidisha parasetamoli. Kama kliniki haina, hospitali kubwa za binadamu huwa nayo, na daktari wako ndiye wa kuwasiliana nao. Ukishamwona paka anahema, fizi za kahawia au za bluu, uso na nyayo zimevimba, usimsumbue kwa kumkamata hovyo. Mweke kwenye boksi, mfunike, nenda.

Ndani ya nyumba hiyohiyo, diklofenaki na ibuprofeni za babu anayeumwa magoti huwatoboa mbwa tumbo na kuwaharibu figo. Dalili ni kutapika chenye rangi ya kahawa iliyosagwa na kinyesi cheusi kama lami. Dawa ya maumivu ya binadamu, mnyama asipewe bila daktari wake kusema.

Amenyong'onyea, fizi zimepauka, na hakuna kilichotokea leo

Rudisha kumbukumbu nyuma siku tatu hadi saba. Kuna nani aliyeweka chambo cha panya stoo? Panya waliokufa uani, nani aliwaokota? Chambo cha rangi ya waridi, kijani au bluu mara nyingi kina brodifakumu au bromadioloni. Sumu hizi huzuia mwili kurudisha vitamini K kwenye matumizi, na bila hiyo ini halitengenezi vigandisha damu. Kwa siku mbili za mwanzo mbwa anacheza kwa sababu bado anatumia akiba. Ikiisha, anavuja ndani kwa ndani: anakohoa, analegea, goti linavimba, pua inatoa damu, palipochomwa sindano hapaachi kutoka.

Kwa hiyo mbwa aliyeonekana akila chambo leo na yuko mzima kabisa ni wa kupelekwa leo. Ndani ya saa chache daktari anaweza kumtapisha na kisa kikaishia hapo. Mwenye mbwa huniambia, "Tumemwangalia usiku kucha, yuko safi." Ndugu yangu, usiku mmoja hautoshi.

Dawa ni vitamini K1, ileile wanayochomwa watoto wachanga wakizaliwa. Tafadhali shika namba hiyo 1. Kwenye maduka ya dawa za mifugo kuna vitamini za kuku za kuchanganya na maji, nyingi zina K3, na K3 haitibu sumu hii. Tumempokea mbwa aliyenyweshwa vitamini za kuku siku nne na mwenyewe anaamini yuko kwenye matibabu. K1 hutolewa kwa wiki tatu hadi nne, vidonge vikiambatana na chakula chenye mafuta, na saa 48 hadi 72 baada ya dozi ya mwisho damu hupimwa tena kuganda kwake. Mbwa anachangamka siku ya tano, watu wanaacha dawa, siku ya kumi na mbili anavuja upya.

Jambo moja la kuangalia kwa haki: homa za kupe hupausha fizi na kuleta damu puani vilevile, na hapa Dar kupe hawana likizo. Daktari atapima damu kutofautisha. Mwambie kama ulimtoa kupe wiki hizi.

Anayumba kama mlevi

Mara nyingine amelewa kweli. Unga wa maandazi uliokandwa na hamira, mbwa akiumeza mbichi, huendelea kuumuka tumboni na kutengeneza pombe. Bangi humfanya ayumbe, ashtuke kwa kila kivuli na kuchuruzika mkojo. Wengi hupona, ila tuambie ukweli, hatuiti polisi. Anayesinzia, moyo unapiga polepole, mwili umepoa, na jana aliogeshwa dawa ya kupe, huenda ni amitrazi. Hii nayo huitwa "dawa ya kupe" kama zile za kundi la kwanza, lakini atropini haimfai. Ina dawa zake. Leta chupa.

Ninachokiogopa zaidi hapa ni maji ya rejeta, yale ya rangi yanayomwagika gereji, yakiwa na ethileni glaikoli. Ni matamu. Mnyama anayumba saa chache, anaonekana kupata nafuu, kisha siku ya pili au ya tatu figo zinakufa. Ile nafuu isikudanganye.

Anatapika tu

Nitapita haraka. Mabaki ya pilau na rojo yenye vitunguu vingi huvunja seli za damu, dalili zikija baada ya siku kadhaa, mkojo wa kahawia. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuua figo za mbwa. Chokoleti, hasa nyeusi, huukimbiza moyo. Bigijii isiyo na sukari yenye zailitoli hushusha sukari ya mbwa ndani ya saa moja. Akilegea, msugulie asali kwenye fizi mkiwa njiani. Utomvu wa mnyaa wa uzio huchoma mdomo na macho, osha kwa maji mengi. Ule mmea wa bustani unaofanana na mnazi mfupi wenye majani magumu ya kuchoma, wauza maua huuita saikasi, ni hatari hasa mbegu zake: kutapika leo, manjano machoni baada ya siku chache kwa sababu ini limeharibika. Na kama macho yamevimba ghafla jioni uani, huenda swila amemtemea. Osha kwa maji safi dakika 15 kabla ya safari.

Maziwa, mafuta, chumvi, mkaa

Najua anayemnywesha mbwa maziwa anafanya hivyo kwa uchungu. Maziwa hayabatilishi sumu hata moja kati ya nilizozitaja. Mnyama asiyeweza kumeza vizuri huyavuta mapafuni, na sasa ana magonjwa mawili. Mafuta ya kula ni mabaya zaidi, kwa kuwa sumu nyingi huyeyuka kwenye mafuta na kufyonzwa upesi. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu na huleta degedege. Dafu ni maji matamu tu.

Mkaa wa jikoni uliosagwa si ule wa dawa. Mkaa wa dawa umetengenezwa kuwa na vinyweleo vingi vya kunasa sumu, na kipimo chake huanzia gramu 1 kwa kilo. Kwa mbwa wa kilo 25 ni gramu 25, yaani vidonge 100 vya miligramu 250. Ndiyo maana vile vinne ulivyopata duka la dawa havibadilishi kitu.

Kumtapisha ni kazi ya daktari. Paka hatapishwi nyumbani kwa njia yoyote. Mbwa aliyeanza kutetemeka au kusinzia, au aliyekunywa mafuta ya taa, petroli au dawa ya choo, naye hatapishwi. Kinachorudi juu kitaunguza koo au kuingia mapafuni.

Njiani

Bajaji wengi hawapakii mbwa, wengine kwa imani yao, wengine kwa kuogopa meno. Usigombane. Tanguliza maneno: "Kaka, nina mgonjwa, ni mbwa, amefungwa kwenye turubai, hatagusa kiti, na nitakuongezea." Weka turubai au shuka nene karibu na geti siku zote. Mlaze ubavu, kichwa chini kidogo ya kifua ili mate yatoke nje. Anayetapika au kuhema usimfunge mdomo. Mkiwa Kigamboni, amueni kabla ya kuwasha gari kama ni pantoni au daraja, na mmoja aendelee kuongea na kliniki.

Namba za kliniki mbili zenye daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania ziandike leo, moja iwe inayopokea usiku. Muuza duka la dawa za mifugo anaweza kuwa mtu mwema, ila hana kipimo cha moyo wala dripu.

Asubuhi yake

Akifa, usimtupe jalalani wala usimzike mara moja. Paka, kunguru na mbwa wengine watakula sumu ileile. Kama unataka kujua kilichomuua, mfunge vizuri, mweke mahali pa baridi, uulize Wakala ya Maabara ya Veterinari pale Temeke kuhusu uchunguzi wa mzoga. Nyama ya kutegwa ni jambo la polisi: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa namna hiyo. Na mwenye kurusha nyama usiku huenda anaandaa kuja kuiba, kwa hiyo waambie majirani na ulinzi shirikishi mapema.

Akiwa hai au amekufa, kabla hujawafungulia wengine, vaa glavu, shika tochi, uzunguke uzio wote kwa ndani. Tazama chini ya mimea, nyuma ya tangi la maji, kwenye mfereji, juu ya paa la banda. Kwa akina Bosi baba alirudi nyumbani saa 11 alfajiri akafanya hivyo. Alipata vipande vingine vitatu, kimoja kikiwa kando ya bembea ya watoto.